Kilio Mbele ya Watu Kumi na Wawili

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa sheria, na nyote mliotenga jioni yenu kuja kusikiliza habari nzito namna hii: ahsanteni.

Naomba nianze na bibi mmoja. Aliitwa kutoa ushahidi katika mahakama ya jimbo la Tennessee, Marekani, katika kesi ya mauaji yaliyotokea Juni 1987. Binti yake, mwanamke wa miaka 28, aliuawa kwa kisu jikoni mwake, yeye na mtoto wake wa kike wa miaka miwili. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu naye alichomwa kisu, akanusurika. Bibi akaulizwa: mjukuu wako anaendeleaje? Akajibu kwamba mtoto anamlilia mama yake, wala haonekani kuelewa kwa nini mama harudi nyumbani. Anamlilia na mdogo wake. Humjia bibi na kumwuliza kama na yeye anamkumbuka yule mdogo, halafu husema kwamba ana wasiwasi naye.

Basi, ni hayo tu. Bibi hakumtukana mtu, hakuomba mtu auawe. Aliulizwa swali, akalijibu.

Mwendesha mashtaka ndiye aliyeyachukua maneno hayo na kuyapeleka mbali. Katika hotuba yake ya mwisho aliwaambia wale watu kumi na wawili kwamba uchungu wa ndugu hawa hawawezi kuuondoa, lakini lipo wanaloweza kumfanyia mtoto aliyebaki. Siku moja atakua, na atataka kujua ni haki ya namna gani iliyotendeka. Jibu, akasema, mtampa nyinyi kwa uamuzi wenu. Wakamhukumu mshtakiwa kifo.

Huwa nawasomea wanafunzi ukurasa huo, na kila mwaka darasa hunyamaza. Nami nikiwa mbele yao najiuliza swali lile lile lililonileta hapa leo: wale kumi na wawili walikuwa wanapima nini? Kitendo cha mshtakiwa, au machozi ya mtoto? Na je, mwanadamu anaweza kuvitenganisha viwili hivyo?

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu hao kumi na wawili. Magazeti yetu huwaita wazee wa mahakama, ingawa wengi wao si wazee na mahakama si yao. Mimi nitasema juri, na wajumbe wa juri. Ni raia wa kawaida: dereva, muuguzi, mwalimu, fundi. Wameitwa kwa barua, hawakuomba kazi hiyo. Katika nchi nyingi zenye juri, kazi yao huishia kwenye kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Adhabu ni ya hakimu. Ndivyo ilivyo Uingereza, kwa mfano, ambako maelezo ya mwathirika, yaani maneno ya aliyetendewa uhalifu au ya ndugu zake kuhusu walivyoumia, husomwa baada ya juri kumaliza kazi yake. Marekani ni tofauti. Katika kesi ambazo adhabu yake yaweza kuwa kifo, kesi huwa na awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ya hatia. Mshtakiwa akitiwa hatiani, inafuata ya pili, ya adhabu, na wajumbe wale wale hukaa tena kusikiliza sababu za kuongeza adhabu na sababu za kuipunguza, kisha hupima kati ya kifo na kifungo cha maisha. Hapo, katika awamu hiyo ya pili, ndipo ndugu wa marehemu huingia kizimbani.

Utaratibu huu si wa kale. Maelezo ya mwathirika ya kwanza yanayojulikana yalianzia Fresno, California, mwaka 1976, pale ofisa mkuu wa uangalizi wa wahalifu, James Rowland, alipoona kwamba faili za mahakama zimejaa habari za mshtakiwa, tangu utoto wake hadi magonjwa yake, na za aliyetendewa hakuna. Hoja ile ilikuwa ya haki kabisa. Mtu aliyevunjiwa nyumba, aliyebakwa, aliyeuliwa mwanawe, alikuwa akiitwa mahakamani kama kielelezo tu: eleza ulichokiona, shuka, nenda. Vuguvugu la haki za waathirika lilizaliwa kutokana na udhalilishaji huo, na ifikapo mwaka 1982 California ilikuwa imepiga kura kuziingiza haki hizo katika sheria, na Rais Reagan ameunda jopo la kuzichunguza kwa nchi nzima.

Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Anayesema kwamba waathirika wanyamaze hana mwenzake hapa.

Lakini mwaka 1987 suala hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Booth dhidi ya Maryland. Wazee wawili, mume na mke, walikuwa wameuawa nyumbani kwao Baltimore. Juri ilisomewa ripoti ya mahojiano na familia: mtoto wao wa kiume akisema wazazi wake walichinjwa kama wanyama, binti akisema hawezi kamwe kusamehe, usingizi uliopotea, harusi ya mjukuu iliyogeuka kuwa msiba. Kwa kura tano kwa nne majaji walisema hapana. Jaji Powell aliandika kwamba mambo hayo hayahusiani na lawama ya mshtakiwa, ambaye huenda hata hakumjua marehemu wala familia yake, na kwamba yanaifanya adhabu ya kifo iwe ya kubahatisha. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya South Carolina dhidi ya Gathers, wakarudia msimamo huo, tena kwa tano kwa nne. Safari hii mwendesha mashtaka alikuwa ameisomea juri sala iliyokutwa kwenye vitu vya marehemu, na kuwaonyesha kadi yake ya mpiga kura, kana kwamba kumuua mpiga kura ni kosa kubwa zaidi.

Halafu jaji mmoja wa wale waliokuwa wengi, Brennan, akastaafu, akaja mwingine. Juni 27, 1991 mahakama ile ile ikaamua kesi ya yule bibi wa Tennessee. Inaitwa Payne dhidi ya Tennessee. Kwa kura sita kwa tatu, maamuzi yote mawili yakafutwa. Jaji Mkuu Rehnquist alitoa hoja ambayo bado inanisumbua kwa sababu ina nguvu. Mshtakiwa Payne aliruhusiwa kuwaleta wazazi wake, rafiki yake na mwanasaikolojia waje waseme yeye ni mtu wa namna gani. Kwa nini basi aliyekufa asipewe hata mtu mmoja wa kumsemea? Mizani yenye sahani moja ni mizani gani? Jaji Marshall, akipinga, aliandika kwamba nguvu, wala si hoja, ndiyo sarafu mpya ya maamuzi ya mahakama hiyo. Alitangaza kustaafu siku hiyo hiyo.

Wanasheria tunapenda kubishana hapo, kwenye Katiba. Mimi nataka twende kwenye kichwa cha mjumbe wa juri.

Watafiti wamelifanyia kazi jambo hili kwa njia mbili, na njia hizo hazikufika mahali pamoja. Njia ya kwanza ni juri ya majaribio: unakusanya watu, unawaonyesha kesi ile ile, nusu wanasikia maelezo ya familia na nusu hawasikii, kisha unawauliza: kifo au maisha? Ray Paternoster na Jerome Deise wa Chuo Kikuu cha Maryland walifanya hivyo mwaka 2011, na waliosikia familia walielekea kwenye kifo zaidi, kwa tofauti isiyo ndogo. Waliwaonea huruma zaidi marehemu na ndugu zake, na mshtakiwa wakamwona kwa jicho baya zaidi. Njia ya pili ni kuwafuata watu waliowahi kukaa kwenye juri za kweli. Theodore Eisenberg na wenzake walichambua mahojiano na wajumbe zaidi ya 200 wa kesi za South Carolina, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Walichokuta ni kwamba maelezo ya familia yaliwafanya wajumbe wamwone marehemu kuwa mtu wa kuheshimika zaidi, lakini hawakuona uhusiano wa wazi kati ya maelezo hayo na uamuzi wa kifo.

Sasa nani kasema kweli? Nadhani wote. Juri ya majaribio ni watu waliokaa kwa saa chache wakijua kwamba jioni watarudi nyumbani na hakuna atakayekufa. Juri ya kweli imekaa wiki nzima na picha za maiti, imebishana chumbani, na kwa kuwa Payne ilifungua mlango kote, karibu kila kesi ina bibi wake. Utawalinganisha na nani? Zaidi ya hayo, mjumbe hujua mengi kuhusu marehemu tangu awamu ya kwanza, kwa namna tu kesi ilivyosimuliwa. Maelezo ya familia yanaongeza maji kwenye mtungi uliokwisha kujaa nusu.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti uliouliza swali dogo: ni kilio cha aina gani? Narina Nuñez na wenzake, mwaka 2017, walitenganisha maelezo ya huzuni na maelezo ya hasira. Hasira ndiyo iliyowasogeza watu kwenye kifo. Huzuni peke yake haikufanya hivyo.

Tulieni hapo kidogo. Sisi sote tulidhani machozi ndiyo ya hatari. Lakini fikirini mtu mwenye huzuni anavyofikiri: polepole, anageuza mambo, anasikiliza tena. Mwenye hasira ameshampata wa kulaumiwa, na anataka kumaliza. Hasira huambukiza haraka, na ikishaingia, mjumbe hana tena subira ya kumsikiliza mwanasaikolojia akieleza kwamba mshtakiwa alipigwa kichwani akiwa mtoto. Sababu za kupunguza adhabu zinahitaji subira. Kwa hiyo bibi wa Tennessee, kwa upole wake, huenda hakuwa hatari hata kidogo. Aliyekuwa hatari ni yule aliyesimama baada yake na kuugeuza upole ule kuwa deni ambalo juri ilipaswa kulilipa.

Na mwathirika asiyelia je? Hapa ndipo nawaonea huruma zaidi hawa ndugu. Nchini Uswidi, Karl Ask na Sara Landström waliwaonyesha wanafunzi wa upolisi mwathirika yule yule akisimulia kisa kile kile, mara kwa machozi na mara kwa utulivu. Aliyelia aliaminiwa zaidi. Kila mmoja wetu anajua mtu ambaye msibani hadondoshi chozi: anapokea wageni, anahesabu viti, anauliza kama maji yapo. Miezi mitatu baadaye ndipo anavunjika. Mtu huyo akisimama mbele ya juri wiki atakayoitwa, juri itaona nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wajumbe kumi na wawili hawajawahi kukilalia kitanda chake.

Nyuma ya hilo kuna jambo baya zaidi. Maelezo haya huwalinganisha wafu. Aliyeacha ndugu wa kumlilia, wasomi, wenye ufasaha, waliovaa vizuri, anakuwa na thamani kubwa kizimbani kuliko aliyelala chini ya daraja bila ndugu. Edith Greene, mwanasaikolojia, alilijaribu hili katika miaka ya 1990 kwa kubadilisha sifa za marehemu tu, na huruma ya wajumbe wake wa majaribio ikafuata sifa hizo. Mahakama katika Payne ilisema wazi kwamba nia si kulinganisha marehemu na marehemu. Nia haikuwa hiyo, nakubali. Lakini mlango ukifunguliwa hupita kila kitu. Huko California juri iliwahi kuonyeshwa video ya dakika kama 20 ya maisha ya msichana wa miaka 19 aliyeuawa, mama yake akisimulia, muziki wa Enya ukipigwa chini, na mwisho watu wakipanda farasi katika mandhari ya Kanada. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ile. Jaji Stevens aliandika akilalamika kwamba video ya namna hiyo inaialika juri iamue kwa hisia. Mimi nasema, kama marehemu hana video, na mama yake hajui kusimulia, ataonyeshwa nini?

Mtaniambia: hakimu si huwaambia wajumbe wasiongozwe na hisia? Huwaambia. Anasoma karatasi, kwa sauti ileile anayotumia kutangaza mapumziko ya chakula. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kuna sehemu ya habari hii isiyosemwa sana. Ile marufuku ya mwaka 1987 haikufa yote. Mwaka 2016, katika kesi ya Bosse dhidi ya Oklahoma, Mahakama ya Juu ilikumbusha kwamba ndugu bado hawaruhusiwi kuiambia juri adhabu wanayoitaka. Kwa haraka hilo linaonekana kuwa kinga kwa mshtakiwa. Sasa litazameni upande wa pili. Mwaka 2015, wakati Dzhokhar Tsarnaev akikabiliwa na adhabu ya kifo kwa mabomu ya mbio za Boston, wazazi wa mtoto wa miaka minane aliyeuawa pale waliandika gazetini wakiiomba serikali iachane na adhabu hiyo, kwa sababu rufaa zingewaburuza miaka na miaka. Baba alikuwa ameshatoa ushahidi mahakamani juu ya siku ile. Juri ilisikia alivyompoteza mwanawe. Ombi lake halikuwa sehemu ya iliyoyapima. Mwezi uliofuata ikapiga kura ya kifo.

Kwa hiyo kinachoifikia juri ni jeraha, na anayeeleza dawa ya jeraha hilo ni mwendesha mashtaka peke yake. Bibi wa Tennessee alitaka nini? Juri haikuambiwa, na kisheria haikupaswa kuambiwa.

Msidhani, hata hivyo, kwamba wajumbe ni bendera tu. Mwaka 2022, huko Florida, juri ilisikiliza siku kadhaa za maelezo ya familia za watu 17 waliouawa kwa risasi katika shule ya Parkland mwaka 2018. Sijui kama kuna chumba cha mahakama kilichowahi kubeba uchungu mwingi kuliko ule. Wajumbe tisa walitaka kifo, watatu wakakataa, na kwa kuwa sheria ilitaka wote wakubaliane, kijana yule akapewa kifungo cha maisha. Familia nyingi zilihisi zimesalitiwa. Mwaka uliofuata jimbo likabadilisha sheria, sasa kura nane kati ya 12 zinatosha. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi: tulipowaambia ndugu kwamba maneno yao yana uzito katika mizani ya juri, tuliwaahidi kitu. Uamuzi usipofuata, wanasoma kwamba mpendwa wao hakuwa na uzito wa kutosha. Je, kuna ukatili kuliko huo?

Naja kwenye rai yangu, na wale watakaonipinga wajiandae.

Oktoba 2019, mjini Dallas, juri ilimpa polisi Amber Guyger kifungo cha miaka 10 kwa kumuua Botham Jean, kijana mhasibu aliyekuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Texas ni moja ya majimbo ambako juri inaweza kupanga adhabu hata pasipo suala la kifo, na kiwango hapo kilikuwa miaka mitano hadi 99 au maisha. Familia ilikuwa imetoa ushahidi kabla ya adhabu. Lakini Texas ina desturi nyingine ya kisheria ambayo wengi hawaijui: baada ya adhabu kutamkwa, ndugu hupewa nafasi ya kuzungumza na aliyehukumiwa moja kwa moja. Hapo ndipo mdogo wake marehemu, kijana wa miaka 18, aliposimama akasema amemsamehe, akasema yeye asingependa hata aende jela, kisha akamwomba hakimu ruhusa ya kumkumbatia. Akamkumbatia.

Kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya kumbatio lile, na kwa haki, kwa kuwa watu weusi wa Marekani wameombwa kusamehe mara nyingi mno. Siingii humo. Mimi natazama wakati tu. Maneno yale yalisemwa wakati hayangeweza tena kuongeza wala kupunguza hata siku moja. Hakuna mwendesha mashtaka wa kuyachukua, hakuna wakili wa kuyadodosa, hakuna mjumbe wa kuyapima. Ndiyo maana kijana alikuwa huru kuyasema. Angekuwa na hasira, angekuwa huru vilevile kumlaani.

Linganisheni na Michigan, Januari 2018, ambako zaidi ya wanawake 150 walizungumza kwa siku saba mbele ya daktari Larry Nassar aliyewadhalilisha. Alikuwa amekiri makosa. Juri haikuwepo. Walisema walichotaka, kwa urefu waliotaka, na dunia ikawasikia.

Ninachoomba ni hicho. Waathirika waseme, waseme kwa kirefu, tena waruhusiwe kusema hata adhabu wanayoiona inafaa, na wale wanaoomba huruma wasizibwe midomo. Lakini pale juri inapoamua kati ya uhai na kifo, waseme juri ikiwa imeshaandika uamuzi wake. Nazijua hasara zake. Mama atasema: mnanipa nafasi wakati haina maana tena. Rehnquist angesema sahani moja ya mizani imebaki tupu. Sina jibu safi kwa mama huyo. Kwa Rehnquist ninalo: sahani ya pili haikuwa tupu, maana kilichomleta mshtakiwa pale ni kifo cha mtu, na juri imekaa wiki nzima ikikitazama kifo hicho. Hadhi ya marehemu ilikuwa imeshatambuliwa wakati juri ilipotamka neno hatia.

Na mshtakiwa wa ile kesi? Pervis Payne, ambaye siku zote amekana kufanya mauaji yale, alikaa akisubiri kuuawa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2021 Tennessee ilifungua njia ya kisheria kwa waliohukumiwa kifo kuthibitisha ulemavu wa akili, na Novemba mwaka huo adhabu ya kifo ikaondolewa. Sasa anatumikia kifungo cha maisha. Yule mtoto wa miaka mitatu alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 35. Lile swali ambalo juri iliambiwa imjibu kwa uamuzi wake lilipata jibu la pili, bila juri kuwepo. Na uamuzi wenye jina la Payne bado ndio sheria; kesho asubuhi, mahali fulani, ndugu mwingine ataulizwa kizimbani mjukuu wake anaendeleaje.

Mwenyekiti, naona mikono imeshainuka pale nyuma. Tuanze na mama mwenye daftari.